Kileo cha pai ya tufaha: mwongozo kamili wa kukitengeneza nyumbani kwa mapishi ya kifamilia ya milima ya Appalachia

Katika majimbo ya Marekani ya Tennessee, Kentucky, North Carolina na West Virginia, ambako milima ya Appalachia inapita, kuna kinywaji ambacho familia nyingi hukiandaa matufaha yanapovunwa, kati ya Septemba na Oktoba, ili kiwe kimekolea vizuri ifikapo sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, kisha Krismasi. Ni mchanganyiko wa juisi ya tufaha, sukari, mdalasini na pombe kali isiyo na rangi, na anayekionja hukutana na ladha ile ile ya pai ya tufaha: utamu wenye uchachu kidogo, harufu ya mdalasini, na joto linaloshuka polepole kifuani. Mapishi yake hurithishwa kwa vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono na kuhifadhiwa kwenye kabati la jikoni. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Louisville, Nashville au Knoxville huenda wameshaletewa mtungi wake na jirani, na walio Afrika Mashariki wanaweza kukitengeneza kwa kubadilisha vitu vichache tu.

Vikaratasi hivyo hueleza habari za mdalasini na sukari kwa uangalifu mkubwa, lakini vingi havisemi lolote kuhusu jambo ambalo ndilo linaloamua kila kitu kingine, yaani asilimia ya alkoholi itakayobaki kwenye mtungi baada ya kuchanganya. Kiasi hicho ndicho kinachoamua kama kinywaji kitakaa au kitachacha, kama kiwekwe kabatini au kwenye friji, na kama mgeni anywe glasi nzima au aonje kidogo. Kwa sababu hiyo, hesabu imepewa nafasi kubwa katika mwongozo huu, na ninamwomba msomaji asiiruke.

Pombe ya kutumia, na pombe ya kuepuka

Asili ya kinywaji hiki ni pombe ya mahindi iliyokenekwa kwa siri milimani. Wakulima wa huko walikuwa wakigeuza mahindi yao kuwa wiski kwa kuwa ilikuwa rahisi kuisafirisha kuliko magunia ya nafaka, na serikali ya shirikisho ilipoweka kodi ya pombe mwaka 1791, hasira ilipanda hadi kukawa na uasi magharibi mwa Pennsylvania mwaka 1794. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1802, ikarudi na kudumu kuanzia mwaka 1862, na marufuku ya pombe ya nchi nzima iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933 ikaifanya biashara ya magendo iwe kubwa zaidi. Pombe hiyo changa, ambayo haikulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, ilichoma koo, na juisi tamu ya tufaha yenye viungo ilikuwa njia nzuri ya kuilainisha. Leo kinywaji chenyewe kinauzwa kihalali dukani. Kiwanda cha Ole Smoky kilichofunguliwa Gatlinburg, Tennessee, mwaka 2010 ni miongoni mwa vilivyokifanya kijulikane mbali na milima hiyo.

Huhitaji kukeneka pombe ili kukitengeneza, na mwongozo huu haufundishi kukeneka. Nchini Marekani sheria ya shirikisho inadai kibali kwa kukeneka pombe, hata ikiwa ni chupa moja ya kunywa nyumbani; ruhusa iliyotolewa kwa sheria ya mwaka 1978 ilihusu bia na divai za nyumbani peke yake. Kuchanganya pombe iliyonunuliwa dukani na juisi kwa matumizi ya nyumbani ni jambo tofauti na halina tatizo hilo, ila kuuza mchanganyiko huo bila leseni kunarudisha tatizo lile lile. Anayeishi Kenya, Tanzania, Uganda au kwingineko azingatie sheria za mahali alipo.

Sababu kubwa zaidi ya kununua pombe yenye lebo ni uhai. Wako wanaoamini kwamba pombe ya mtaani ikiwashwa moto na mwali ukawa wa buluu, basi ni salama, na wengine huutikisa mtungi na kutazama mapovu. Mapovu yanaweza kuonyesha kwa makadirio kama pombe ni nzito au nyepesi, lakini hakuna jaribio kati ya hayo mawili linaloonyesha methanoli, alkoholi yenye sumu ambayo nayo huwaka kwa mwali wa buluu uliofifia. Mwezi Mei mwaka 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, na wengine wakapoteza macho. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi, mara nyingi hadi siku ya pili, zikaanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na macho kuona ukungu. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu dawa ipo na huokoa ikiwahiwa. Kwa hiyo usitie gongo wala chang'aa isiyojulikana ilikotoka katika mapishi haya, hata kama aliyekuuzia ni mtu unayemwamini.

Pombe zinazofaa ni tatu. Ya kwanza ni spiriti ya nafaka yenye asilimia 95, ambayo Marekani hujulikana zaidi kwa jina la Everclear. Haina ladha yake yenyewe, na kiasi kidogo kinatosha. Majimbo kadhaa, ikiwemo California, hayaruhusu kuuzwa kwa kiwango hicho, na huko utapata iliyopunguzwa nguvu. Ya pili ni wiski changa ya mahindi, isiyo na rangi, ambayo mara nyingi huwa na asilimia 40 hadi 50 na ndiyo iliyo karibu zaidi na asili. Ya tatu ni vodka ya kawaida ya asilimia 40, ambayo ndiyo ninayompendekezea aliye Afrika Mashariki. Konyagi na Uganda Waragi hufanya kazi pia, lakini zina harufu inayoelekea ile ya pombe ya jini, na harufu hiyo hushindana na mdalasini. Mimi ningechagua vodka.

Kusoma karatasi ya zamani

Vipimo vya karatasi hizi ni vya Kimarekani. Galoni moja ni lita 3.8, kwati moja ni robo ya galoni, yaani mililita 946, painti ni mililita 473, na kikombe ni mililita 237. Kikombe cha sukari nyeupe kina gramu 200 hivi. Ukikuta imeandikwa "moja ya tano" ya pombe, maana yake ni moja ya tano ya galoni, kipimo ambacho nafasi yake leo imechukuliwa na chupa ya mililita 750. Nguvu ya pombe huko huandikwa kwa namba iliyo mara mbili ya asilimia: chupa iliyoandikwa 80 ina asilimia 40, na iliyoandikwa 190 ina asilimia 95.

Sasa tuchukue mapishi ya aina inayokutwa mara nyingi: galoni moja ya juisi iliyochujwa, galoni moja ya juisi isiyochujwa, vikombe vitatu vya sukari, vijiti kadhaa vya mdalasini, na chupa moja ya mililita 750 ya spiriti ya asilimia 95. Kanuni ya hesabu ni hii: zidisha ujazo wa pombe kwa asilimia yake, kisha gawanya kwa ujazo wa mchanganyiko wote. Galoni mbili ni lita 7.57, sukari ikiyeyuka inaongeza lita 0.37 hivi, pombe ni lita 0.75, jumla ni lita 8.69. Alkoholi halisi ni lita 0.71. Ukigawanya unapata asilimia 8 na kidogo. Hiyo ni nguvu iliyo chini ya divai nyingi, wala si ya kileo kikali. Na kama mtu akifuata karatasi hiyo hiyo kwa wiski ya mahindi ya asilimia 50, anabaki na asilimia 4 tu, pungufu ya bia nyingi.

Hapo ndipo hatari ya kimya ilipo. Hamira za asili huishi na kufanya kazi bila shida katika juisi yenye sukari na asilimia 8 ya alkoholi. Mtungi kama huo ukifungwa kwa nguvu na kuachwa kabatini, unaweza kuanza kuchacha upya, gesi ikajaa, na kioo kikapasuka. Familia zilizokuwa zikitumia mapishi ya namna hiyo aidha zilikimaliza kinywaji ndani ya siku chache, au zilikiweka mahali pa baridi sana, au zilitia pombe nyingi kuliko ilivyoandikwa. Karatasi haikutaja kwa kuwa kila aliyekuwa jikoni alijua. Wewe uliyeipokea bila jiko lile unahitaji namba.

Namba ninayoishauri ni asilimia 17 hadi 20. Chini ya hapo kinywaji kitunzwe kwenye friji na kinywewe mapema. Juu ya 25 ladha ya tufaha huanza kufunikwa na pombe, na kinywaji kinapoteza maana yake.

Juisi

Wamarekani hutofautisha juisi ya tufaha iliyochujwa hadi ikang'aa na ile isiyochujwa, yenye rangi ya kahawia na ukungu, wanayoiita saida. Saida hiyo haina kileo. Ni tofauti na saida ya baa za Nairobi au London, ambayo ni juisi iliyochachushwa. Mapishi mazuri hutumia zote mbili: iliyochujwa hutoa utamu safi na wepesi, na isiyochujwa hutoa uzito mdomoni na ladha ya tunda lenyewe, pamoja na ganda lake. Ukitumia iliyochujwa peke yake, kinywaji kinakuwa kama peremende. Ukitumia isiyochujwa peke yake, utahangaika na mashapo.

Soma lebo kwa makini. Inayotakiwa ni juisi ya asilimia 100, bila sukari iliyoongezwa na bila ladha za kiwandani. Vinywaji vingi vilivyochorwa tufaha kwenye boksi vina juisi kidogo na maji mengi. Juisi iwe imepashwa moto wa kuua vijidudu. Mwaka 1996 juisi ya tufaha isiyopashwa moto iliyouzwa magharibi mwa Marekani na Kanada ilikuwa na bakteria wa kundi la E. koli, ikaua mtoto mmoja na kuwaumiza makumi ya watu, na tangu hapo wauzaji wa juisi mbichi huko wanatakiwa kuweka onyo kwenye chupa. Katika mapishi haya juisi itapikwa, kwa hiyo hatari hiyo huondoka, lakini usiwape watoto walio jikoni waonje juisi mbichi kabla ya kupikwa.

Mahali ambapo juisi isiyochujwa haipatikani, itengeneze. Chukua matufaha ya kijani yenye uchachu na mengine mekundu matamu, nusu kwa nusu. Kilo mbili hutoa takribani lita moja kwa vifaa vya nyumbani. Yaoshe, ondoa mbegu na sehemu zilizooza, yakate bila kumenya, yasage kwenye blenda kwa maji kidogo sana, kisha kamua kwa kitambaa cha melimeli. Juisi itageuka kahawia upesi, na rangi hiyo ndiyo inayotakiwa. Wanaoishi karibu na Lushoto au Njombe wanaweza kupata matufaha ya huko, ambayo mara nyingi ni madogo na yenye uchachu mzuri kuliko yale makubwa yanayotoka Afrika Kusini.

Uchachu usidharauliwe. Juisi nyingi za boksi ni tamu tu, na bila uchachu sukari hulala ulimini ikachosha baada ya fundo la pili. Juisi ya limau moja katika kila lita nne za juisi hurekebisha jambo hilo bila kuleta ladha ya limau.

Viungo

Mdalasini ndio mwenye kinywaji. Marekani mdalasini wa dukani kwa kawaida ni wa aina ya kasia, wenye gome nene na gumu lililojikunja mara moja, na ukali unaochoma. Ladha ya pai ya Kimarekani inatokana na huo. Mdalasini mwembamba wenye tabaka nyingi, unaovunjika kwa vidole, ambao hulimwa Sri Lanka na Zanzibar, ni mtamu na mpole zaidi. Vyote vinafaa, ila vijiti sita vya kasia vya urefu wa sentimita kumi vitahitaji kuwa vinane au tisa ukitumia ule mpole. Tumia vijiti, usitumie unga. Unga wa mdalasini hauyeyuki. Hufura, ukafanya utelezi, na hakuna kitambaa kitakachouondoa wote.

Karafuu zipo katika mapishi mengi, na hapa msomaji wa pwani ajizuie. Mafuta ya karafuu hutoka kwa kasi kwenye pombe kuliko kwenye maji, na karafuu kumi zilizoonekana sawa wakati wa kupika zitakuwa zimetawala mtungi wote baada ya wiki mbili. Nne zinatosha kwa lita tano, na ziondolewe kabla ya kutia pombe. Kungumanga iwe kipande kimoja kizima, robo ya tunda, kisichokunwa. Nusu ya ganda la vanila lililopasuliwa kwa urefu, au kijiko kimoja cha chai cha vanila ya maji, hufanya utamu uonekane mwingi kuliko ulivyo, hivyo unaweza kupunguza sukari. Ongeza chumvi kidogo, kiasi kinachoshikwa na vidole viwili. Pai nzuri ina chumvi kwenye ganda lake, na kinywaji nacho huidai. Iliki ni kiungo ninachokipenda, lakini hapa huibadilisha ladha ikaelekea chai, kwa hiyo iachwe.

Sukari ya asili ya mapishi haya ni ya kahawia, ile ya Kimarekani iliyo laini na yenye unyevu wa molasi. Sukari guru hukaribia ladha hiyo kuliko sukari ya kahawia ya punje kavu inayouzwa kwetu, lakini ina nguvu na wakati mwingine moshi, kwa hiyo nusu iwe guru na nusu iwe sukari nyeupe. Iyeyushe guru pembeni kwa maji kidogo na kuichuja kwanza, kwani mara nyingi huwa na nyuzi za miwa.

Kupika

Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, yenye ujazo wa lita saba au zaidi. Sufuria ya alumini isiyo na utando ndani huliwa na uchachu wa tufaha na kutoa ladha ya chuma. Kipimajoto cha jikoni, mizani na jagi lenye alama za mililita vitahitajika, na mitungi ya kioo yenye mdomo mpana na vifuniko vya kuzungusha. Mtungi wa namna hiyo uliosajiliwa na John Landis Mason mwaka 1858 ndio uliokuja kuwa sura ya pombe ya milimani, na ni mtungi unaofaa kweli kwa sababu hukaza na husafishika. Chemsha mitungi kwa dakika 10, au dakika 15 ukiwa sehemu za juu kama Nairobi ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Njia ya kwanza ni ya mwenye spiriti ya asilimia 95. Mimina sufuriani lita mbili za juisi iliyochujwa na lita mbili za isiyochujwa, ongeza gramu 300 za sukari ya kahawia, gramu 150 za sukari nyeupe, viungo vyote isipokuwa vanila, na chumvi. Pasha kwa moto wa wastani ukikoroga hadi sukari iyeyuke, kisha punguza moto ili juisi itokote polepole bila kuchemka kwa nguvu, joto likiwa kati ya nyuzi 85 na 90 za selsiasi. Povu la kahawia litapanda juu. Lienguliwe kwa kijiko, kwa sababu ndani yake kuna sehemu ya mashapo ambayo ungeyakuta baadaye mtungini. Baada ya dakika 20 onja. Karafuu ikiwa imeshajitokeza, zitoe zote wakati huo. Endelea hadi dakika 40, zima moto, tia vanila na limau, funika. Pima: unapaswa kuwa na lita nne hivi. Zikizidi, usijali, ila andika ujazo halisi, kwa maana ndio utakaotumika kwenye hesabu.

Harufu inayojaza nyumba wakati wa kutokota ni harufu inayotoka kwenye kinywaji na kwenda zake. Ndiyo maana sufuria hufunikwa nusu, na ndiyo maana juisi haichemshwi kwa nguvu kwa saa mbili kama baadhi ya karatasi zinavyosema.

Njia ya pili ni ya mwenye vodka ya asilimia 40, na inahitaji mbinu nyingine, kwa kuwa vodka huja na maji mengi. Ukitia vodka kwenye lita nne za shira ile ya kwanza, utahitaji zaidi ya lita tatu na nusu kufikia asilimia 19, na ladha ya tufaha itazama. Suluhisho ni kuipunguza juisi kwanza. Mimina lita tatu za juisi iliyochujwa kwenye sufuria pana, bila viungo na bila kifuniko, na hapa ichemke kweli hadi ibaki lita moja. Huchukua saa moja na zaidi, na dakika kumi za mwisho usiondoke, kwa sababu sukari yake huanza kugeuka karameli na kuungua ni jambo la muda mfupi. Shira itakuwa na rangi ya chai kali. Ndipo uongeze lita moja ya juisi isiyochujwa, ambayo harufu yake haijapotea, viungo vyote, na sukari gramu 250 tu, maana juisi iliyopunguzwa imeshajikusanyia utamu wake. Tokotesha kwa dakika 30 hadi ibaki lita mbili. Mimi naipendelea njia hii hata kwa mwenye spiriti kali, kwa kuwa ile karameli ya juisi ndiyo inayokumbusha kingo za pai zilizokauka tanurini.

Kutia pombe

Shira ipoe kabisa hadi joto la kawaida la chumba, chini ya nyuzi 25. Hili lisifupishwe. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78, hivyo ukiimwaga kwenye shira ya moto unaipoteza hewani, na mvuke wake hushika moto. Spiriti ya asilimia 95 hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye joto la kawaida la chumba. Zima jiko la gesi, taa ya mafuta na ubani, fungua madirisha, na usivute sigara. Kama sufuria ingali vuguvugu ukaiona inachelewa, iweke kwenye karai la maji baridi.

Ondoa viungo vyote kwa kuichuja shira, kisha mimina pombe polepole huku ukikoroga. Kwa njia ya kwanza, lita moja ya spiriti ya asilimia 95 katika lita nne za shira: lita 0.95 ugawanye kwa 5, ni asilimia 19. Ukiwa na spiriti ya asilimia 75.5, tia lita moja na robo, upate asilimia 18. Kwa njia ya pili, lita mbili za vodka katika lita mbili za shira ni asilimia 20. Na kama umeamua kutumia Konyagi yenye asilimia 35, ni asilimia 17.5. Kama shira yako ilibaki pungufu au ikazidi, rudia hesabu kwa ujazo ulioupima.

Onja kwa kijiko, lakini usihukumu. Siku hiyo pombe na tufaha huwa bado hazijaungana, na kila moja husikika peke yake. Wengi huongeza sukari katika hatua hii na kujuta baadaye, kwa sababu ukali huo hutulia wenyewe.

Kulaza na kuchuja

Jaza mitungi, acha nafasi ya sentimita moja na nusu juu, tia kijiti kimoja kipya cha mdalasini katika kila mtungi wa lita moja, funga na uweke mahali pa giza na baridi. Baada ya siku mbili au tatu utaona mawingu yakielea katikati ya mtungi, mazito na yenye utelezi kama ute wa yai. Wengi hudhani kinywaji kimeharibika na kukimwaga. Hiyo ni pektini, ile ile inayogandisha jemu. Pombe huitoa kwenye juisi na kuikusanya pamoja. Haina madhara. Iache ishuke chini, bila kuitikisa.

Kijiti cha mdalasini kitoke baada ya siku kumi, au kumi na nne kwa aina ile laini. Kikiachwa kwa miezi, kama kinavyoonekana kwenye mitungi ya kupamba, hutoa utelezi na uchungu wa gome. Wiki mbili hadi nne zikipita, mimina sehemu safi ya juu kwa upole hadi kwenye chombo kingine, ukiacha mashapo chini, kisha uichuje kupitia melimeli iliyokunjwa mara nne na kuloweshwa maji ya moto. Usikamue kitambaa, ukikikamua, pektini yote inapita. Anayetaka king'ae achuje tena kwa karatasi ya kuchujia kahawa, na awe na subira, kwa kuwa huziba upesi na itabidi ibadilishwe mara kadhaa. Mimi huona ukungu mdogo unastahili kubaki, kwa kuwa ndani yake mna ladha.

Sasa ndio wakati wa kurekebisha. Kikiwa kitamu mno, ongeza limau, kijiko cha chai kwa lita. Kikiwa kikavu, tia shira ya sukari iliyopoa, ukikumbuka kwamba kila mililita 100 za shira katika lita moja ya asilimia 19 hukishusha hadi asilimia 17 hivi.

Kuhifadhi na kuandaa mezani

Bandika lebo kwenye kila mtungi, ukiandika jina, tarehe, asilimia ya alkoholi na maneno "si juisi". Kwa rangi na harufu hakitofautiani na juisi ya tufaha, na mtoto anayefungua friji mchana hana sababu ya kusita. Kiwekwe juu, au mahali panapofungwa. Kilicho chini ya asilimia 17 kikae kwenye friji na kimalizwe ndani ya wiki tatu au nne. Cha asilimia 17 hadi 20 kinakaa salama mahali pa baridi na giza, ingawa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa friji bado ni bora. Harufu ya tufaha huwa nzuri zaidi ndani ya miezi sita ya kwanza, kisha hufifia na kuacha mdalasini peke yake. Mtungi ukitoa mvumo wa gesi unapofunguliwa, ama kifuniko kikiwa kimevimba, kimwage.

Kiasi cha kumpa mgeni ni glasi ndogo ya mililita 45 hadi 60. Glasi ya maji ya mililita 250 ya kinywaji cha asilimia 19 ina alkoholi inayokaribia ile ya chupa mbili za bia za nusu lita zenye asilimia 5, na utamu huficha jambo hilo hadi mnywaji anapojaribu kusimama. Mwambie mgeni wako kiasi hicho kabla hajaanza, hasa atakayeendesha gari, ambaye asinywe kabisa. Mjamzito asikinywe, wala anayetumia dawa zinazogombana na pombe, kama metronidazole.

Hutolewa kikiwa baridi, kwenye glasi iliyotoka kwenye friji, au juu ya barafu na maji kidogo ya soda. Wakati wa baridi ya milimani, na hata Julai ya Nyanda za Juu Kusini, huweza kupashwa kwa kuweka mtungi uliofunguliwa ndani ya maji ya moto, moto ukiwa umeshazimwa, hadi kiwe vuguvugu, kisha kumiminwa kwenye kikombe pamoja na kipande chembamba cha tufaha la kijani.